Chale za Baba kwenye Pangaboi

Marehemu baba yao alikuwa seremala, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuweza. Hakufungua kitu chochote bila kukitia alama kwanza.

Kabla hajatoa mguu wa kitanda, alichukua tupa yake ndogo ya kunolea misumeno. Akakata chale moja kwenye mguu, na chale moja kwenye ubao ulioushika. Mguu wa pili, chale mbili. Mguu wa tatu, chale tatu. Siku ya kukiunga kitanda hakubahatisha. Chale moja ilikwenda kwa chale moja, na kazi ikaisha.

Milango ya nyumba ile ilikuwa na chale. Madirisha yalikuwa na chale. Hata ndara za watoto zilikuwa na chale ubavuni, moja kwa binti mkubwa, mbili kwa mdogo wake wa kiume. Watoto wa jirani waliwacheka mpaka wakachoka.

Siku moja binti alimwambia, "Baba, iko siku utatutia chale masikioni."

Baba alimtazama sikio la kulia, kisha la kushoto, kama anayepima ubao.

"Nyinyi hamfunguki," akasema. "Kinachofunguka ndicho kinachopotea."

Miaka ilipita. Binti alikua, akawa msusi, na watu wote wakamwita hivyo hivyo, Msusi. Alisukia wateja barazani, mbele ya nyumba ya wazazi wake. Baba alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Ndani walibaki Msusi na Mama, na vitu vya Baba vyenye chale zake. Siku nyingine Msusi alifungua droo ya kabati, kidole kikagusa chale, na moyo ukamwenda mbio kama vile Baba yuko uani anapiga randa. Alimkumbuka sana baba yake, ingawa hakulisema neno hilo kwa mtu.

Mama alikuwa akisumbuliwa na mtoto wa jicho. Mwaka hadi mwaka macho yalizidi kuingia ukungu. Hatimaye hospitali wakampangia siku ya kupasuliwa jicho la kwanza. Alikwenda kukaa wiki mbili kwa mwanawe wa kiume, maana huko ni karibu na hospitali. Mkwewe alimtunza vizuri kama mama yake mzazi. Upasuaji ukaenda salama. Ikabaki kumrudisha nyumbani siku ya Jumamosi.

Mwanawe huyo wa kiume jina lake la utani lilikuwa Chapuchapu. Alikula amesimama. Alivaa shati huku anatembea. Akikupa habari, tayari ameshafika mlangoni kabla hujajibu. Lakini alikuwa mtoto mwema, na mambo mengi mabaya aliyofanya yalianza na nia njema.

Wiki ile nia yake njema ilikuwa rangi. Alimjia dada yake na makopo makubwa ya rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa.

"Mama akirudi anaona," alisema, "aione nyumba mpya."

Wazo likampendeza Msusi. Wakapaka milango, wakapaka madirisha, wakapaka na kitanda cha Mama. Kisha Chapuchapu akatazama juu, akaona mapangaboi mawili, zile feni za darini, yenye vumbi la miaka. Moja lilikuwa chumbani kwa Mama, jingine sebuleni. Akachukua bisibisi, akayafungua mabawa yote sita, akayapanga kwenye jamvi uani. Akayaosha, akayapaka rangi pande zote, mara mbili.

Msusi wakati huo alikuwa barazani na kichwa cha mteja kilichosukwa nusu. Aliona mabawa yakipita mlangoni. Kitu fulani kikamgusa moyoni, akataka kusema. Mteja akauliza kama mistari imenyooka, na neno likampotea.

Kesho yake rangi ilikuwa imekauka. Chapuchapu akarudisha mabawa juu, matatu huku, matatu kule. Akawasha pangaboi la chumbani.

Lilianza vizuri. Lilipopata kasi, likaanza kuyumba. Bomba linalolishika darini lilizunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Kikombe cha bati kilichofunika kulabu huko juu kikawa kinagonga dari, ko, ko, ko, na unga wa chokaa ukamwagika juu ya kitanda cha Mama. Msusi alikimbilia swichi akazima.

La sebuleni nalo lilitikisika, ila kidogo.

Chapuchapu akaweka stuli juu ya kitanda, akapanda, akakaza skrubu alizoziona. Likayumba. Akatafuta kamba ya nailoni. Akafunga bomba la pangaboi, kisha akavuta kamba mpaka kwenye nondo za dirisha, akaikaza kama anafunga mbuzi. Likatulia kwa muda wa kunywa chai. Kisha kamba ikaanza kusagika, ikakatika, na ncha yake ikamchapa Msusi shavuni.

"Limezeeka," alisema Chapuchapu akikunja kamba. "Kesho nakuja kulitoa. Nitamnunulia Mama feni ya kusimama, ya kisasa."

Msusi alitazama juu. Alikuwa anakumbuka siku Baba alipolitundika. Yeye alikuwa na miaka tisa. Lilikuwa pangaboi la kwanza katika nyumba yao, na Mama aliapa kwamba hatalala chini ya chuma kinachozunguka. Basi Baba alipanda ngazi kabla ya kufunga chochote, akaishika kulabu kwa mikono miwili, akaachia miguu. Akaning'inia pale, tumbo nje, akimtazama mkewe.

"Ikinibeba mimi na shibe yangu," alisema, "itashindwa na mabati matatu?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mchana ule walilala wote wanne kwenye kitanda kimoja, wakitazama juu, upepo ukiwapita usoni. Pangaboi lilikuwa na sauti yake ndogo, tik, tik, na Mama alikuja kuizoea sauti hiyo kuliko ya mtu.

Jioni Mama akapiga simu. Aliuliza habari za nyumba, habari za wateja, kisha akalileta lililokuwa moyoni.

"Huku kwa mdogo wako kuna feni nzuri, lakini imenyamaza kama mgeni aliyenuna," alisema. "Sipati usingizi. Nirudi nilale chini ya pangaboi la baba yenu. Lipo zima?"

"Lipo, Mama," Msusi akajibu. Ulikuwa uongo.

Ilikuwa Alhamisi. Zilibaki siku mbili.

Asubuhi ya Ijumaa Chapuchapu alifika na spana, tayari kuling'oa. Msusi akamzuia mlangoni. Alimwambia anakwenda kwanza kumwita Mama Mota. Chapuchapu akasema feni si mtoto wa kupelekwa kliniki. Msusi akamjibu kuwa kuuliza si ujinga, akavuka uwanja.

Mama Mota alikuwa jirani yao. Alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya kusuka mota za umeme, za mapangaboi na za pampu. Sasa alikuwa amestaafu, lakini nywele zake bado alizikata fupi, kwa desturi ya kazi, zisije zikashikwa na mashine. Kila siku alimtania Msusi kwamba wao ni wasusi wawili, ila vichwa vyake yeye havilalamiki.

Alikuja na mfuko wa vifaa na fimbo moja nyembamba. Wakamwamkia. Akaomba kwanza waliwashe, kwa mwendo wa chini tu. Alilitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaagiza lizimwe.

"Mlilifungua?" akauliza.

"Tulilisafisha tu," akasema Chapuchapu.

"Nimeuliza mlilifungua."

"Tulilifungua kidogo, Mama."

"Kidogo," akasema Mama Mota. "Haya. Kulala chini yake hakuna mpaka nimalize. Feni inayoyumba hulegeza skrubu zake yenyewe, kila siku kidogo. Na hiyo kamba yenu ilikuwa inaficha ugonjwa, haitibu. Ingeweza kuvuta bomba likakatika."

Kwanza walisogeza kitanda pembeni. Mama Mota akakataa stuli, akataka ngazi, na akataka Chapuchapu aishike kwa mikono yote miwili. Kisha akazima swichi kubwa ya nyumba nzima. Chapuchapu alisema ameshazima ya ukutani. Mama Mota alimweleza kuwa ya ukutani haitoshi. Mtu akipita akaibonyeza kwa mazoea, aliye juu ya ngazi atapigwa na umeme. Tena kuna nyumba ambazo swichi imefungwa vibaya, ukizima feni, umeme bado upo kwenye nyaya. Alipopanda, aligusa nyaya kwa testa kwanza. Taa ya testa haikuwaka. Ndipo akaanza kazi.

Alishusha kikombe cha juu akaitazama kulabu. Aliishika, akaivuta kwa nguvu.

"Hii imefungwa kwa moyo," alisema. "Aliyeitia alijua kazi. Haijasogea hata unywele."

Msusi alisikia machozi yanamlenga. Akajifanya anapangusa chokaa.

Mama Mota alikaza boliti ya bomba na kuhakikisha pini yake ya usalama ipo. Akaja kwenye mabawa. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea, akazikaza. Kisha akachukua ile fimbo. Akaisimamisha kutoka darini hadi ncha ya bawa la kwanza, akatia alama kwa kalamu. Akazungusha kwa mkono mpaka bawa la pili likafika pale pale, akapima. Kisha la tatu. Alieleza kuwa ncha zote tatu zinatakiwa ziwe mbali sawa na dari. Moja ikishuka, bawa hilo limepinda.

Fimbo ilionyesha sawa zote.

"Basi si kulabu, si bomba, wala hayakupinda," alisema. "Nateremka nayo."

Akayafungua mabawa matatu, akampa Msusi moja kila mkono.

"Pima. Yana uzito sawa?"

Msusi alifumba macho. La mkono wa kulia lilikuwa jepesi kuliko la kushoto. Si kwa wingi, lakini mkono ulijua.

"Hili ni la feni nyingine," alisema Mama Mota baada ya kulilinganisha na la tatu. "Mlifungua mawili siku moja?"

Chapuchapu alitazama ngazi. Alieleza kuwa mabawa yote sita yalikuwa sawa kwa sura, rangi na urefu. Mama Mota akamwambia kwamba kiwandani mabawa hupimwa mizani, yakafungashwa matatu matatu yanayolingana. Feni mbili zilizonunuliwa miaka tofauti zinaweza kufanana kama pacha, lakini bati la moja likawa nene kuliko la nyingine. Ukiyachanganya, upande mmoja unakuwa mzito, na likizunguka linavutwa huko.

"Kila ndege huruka kwa ubawa wake," akasema. "Wewe umempa kunguru ubawa wa kuku. Sasa tatizo ni kuyajua. Kwa mizani tutatenganisha mazito na mepesi. Lakini lipi lilikaa kwenye mkono upi wa mota, hilo tutajaribu na kubadilisha mpaka jioni. Ingekuwepo alama, ingekuwa kazi ya dakika kumi."

Hapo lile neno lililompotea Msusi barazani likamrudia. Alikalia ukingo wa kitanda, bawa mapajani.

"Alama ipo," alisema.

Alipitisha kidole pembeni mwa bawa, karibu na matundu ya skrubu. Rangi ilikuwa nzito na laini. Lakini vidole vya msusi huona njia ya nywele gizani. Vilipita mara ya kwanza, vikarudi. Pakawa na kibonde kidogo. Kikafuata cha pili. Akachukua msasa akasugua polepole, rangi ikatoka unga mweupe, na chini yake zikajitokeza chale mbili zilizonyooka, umbali kati yake uleule aliouacha Baba.

Chapuchapu aliachia ngazi, akaja kuchuchumaa. Akachukua bawa la pili na kipande cha msasa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya kazi bila kuharakisha.

Wakashusha na yale ya sebuleni. Mabawa ya chumbani yalikuwa na chale. Ya sebuleni Baba aliyapiga nukta kwa msumari, nukta moja, mbili, tatu, ili yasichanganyike na ya mwanzo. Hata mikono ya mota, huko juu ambako mtu hatazami, ilikuwa na alama zake. Mabawa mawili tu yalikuwa yamebadilishana feni, nayo yakaziharibu zote mbili.

"Huyu mzee," alisema Mama Mota akiligeuza bawa mkononi, "mimi nilikuwa namtania kila siku. Nikimwambia, fundi, utakufa utie chale jeneza lako mwenyewe. Akacheka. Akaniambia mwenye kusahau ndiye anayechekwa, mwenye alama halali na mawazo."

Walicheka wote watatu. Kisha Msusi akalia waziwazi, na hakuna aliyemnyamazisha. Chapuchapu alikuwa anasugua bawa ambalo lilikuwa limeshasafishika.

Bado palikuwa na kazi. Mama Mota aliwaonyesha rangi iliyochuruzika na kuganda kama matone kwenye ncha ya bawa moja, akasema hayo nayo ni uzito. Wakayasugua, wakaacha rangi nyembamba, sawa kwa yote. Kisha wakarudisha, chale moja kwa chale moja, nukta moja kwa nukta moja. Wakakaza skrubu zote. Mama Mota alishuka, akatoa watu na ngazi chini ya feni, akawasha swichi kubwa. Msusi ndiye aliyebonyeza ya ukutani.

Mwendo wa chini, likatulia. Mwendo wa kati, likatulia. Mwendo wa juu, bomba likasimama wima kabisa, na upepo ukawapiga usoni.

"Kama lingeyumba kidogo bado?" Msusi akauliza.

Mama Mota alisema hapo wangeweka uzito mdogo juu ya bawa moja, katikati ya urefu wake, na kulijaribu. Wangehamisha kwa kila bawa mpaka wapate linalotulia, ndipo waugandishe vizuri. Lakini hicho ni cha mwisho, baada ya kukagua kulabu, boliti, skrubu na ncha. Na kulabu ikiwa imelegea au dari ina ufa, mtu asijaribu mwenyewe, aite fundi.

"Sikilizeni," Chapuchapu akasema ghafla.

Waliinua vichwa. Huko juu pangaboi lilikuwa linasema tik, tik.

"Huo ni waya wa ndani unagusa kikombe," alisema Mama Mota akitoa bisibisi. "Nitaunyanyua." Kisha akawatazama nyuso zao. Alizima tena swichi kubwa, akapanda, akahakikisha waya haujachubuka, akaufunga vizuri usisagike. Walipowasha, sauti ikabaki ndogo zaidi, ya kikombe chenyewe. Akasema hiyo haina madhara, akarudisha bisibisi mfukoni.

Jioni ile Chapuchapu hakuondoka. Aliuliza kama wamepaka rangi na kwingine juu ya chale. Msusi akasema wamepaka kila mahali. Basi walizunguka nyumba nzima na misasa na kisu kidogo. Walitafuta kwa vidole, wakasugua, wakatoa rangi ndani ya chale za milango, za madirisha, za kitanda. Nyumba ilikuwa nyeupe ya maziwa, yenye mikwaruzo ya mbao kila pembe. Chapuchapu alisema fundi rangi akiiona atalia.

Jumamosi Mama akaletwa. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa ngao ya plastiki, jingine ni lile la ukungu. Alipoingia sebuleni alisimama. Akanusa. Uso wake ukawa wa mtu aliyepotea.

"Mmenileta wapi?" akauliza.

"Nyumbani, Mama. Tumepaka rangi," Msusi akasema, akainua mkono amshike.

Mama aliusukuma mkono ule taratibu. Alinyoosha wake, akaufikisha kwenye fremu ya mlango wa kwanza. Kidole gumba kikapanda juu, kikashuka, kikatulia. Chale moja. Sebule. Akatembea. Fremu ya pili, chale mbili. Jikoni. Akaongeza mwendo. Kwenye fremu ya tatu kidole kilihesabu mara mbili, moja, mbili, tatu, na mabega yake yakalegea.

"Hapa ndipo," akasema.

Msusi alisimama nyuma yake, mikono kichwani. Miaka yote hiyo alidhani mama yake anaijua nyumba kwa mazoea. Kumbe alikuwa anaisoma. Kama wangeziacha zile chale chini ya rangi, Mama angepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mama akaingia chumbani, akajilaza. Alisikiliza ile tik, tik, sasa ndogo kuliko zamani.

"Mmelishusha," alisema.

Chapuchapu akakohoa. Akaeleza yote, hata ya kamba na nondo za dirisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mabawa yamerudi kwenye chale zake. Alipoambiwa ndiyo, akafumba jicho lake.

Kabla ya kuondoka, Chapuchapu aliketi mezani na dawa za mama yake. Zilikuwa chupa mbili za matone ya macho, sawa kwa ukubwa na kwa umbo. Alitoa kisu. Kwenye mfuniko wa dawa ya asubuhi akakata chale moja. Kwenye wa dawa ya jioni akakata mbili. Hakugusa penye kutoka dawa, alikata ubavuni tu, pole pole, ulimi nje. Alipomaliza akazipeleka chumbani, akaziweka moja moja kwenye kiganja cha Mama.

Mama akapitisha kidole gumba.

"Hii mkono wako," akasema. "Wa baba yako ulikuwa umenyooka zaidi."

"Nitazoea, Mama," akajibu Chapuchapu, akavuta kiti akakaa.